Masizi kwenye Bani Jipya

Kwa dada yangu mpendwa Kalunde,

Kabla hata sijakusalimu, acha nilitoe lililonikaa kifuani. Aliyepaka masizi kwenye bomba la bani jipya la kijiji ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Hapa wanasema ni uchawi.

Sasa shikamoo, dada. Hamjambo huko Bukene? Mguu wa baba unaendeleaje, na mvua imewafikia? Mimi mwili hauna ugonjwa, ila chakula hakipiti.

Unajua kazi niliyopewa hapa baada ya kumaliza shule ni ukarani wa tumbaku ya kijiji. Tumbaku hukaushwa ndani ya bani, nyumba ya udongo yenye kitundu kimoja tu cha kuchungulia. Moto huwashwa kwa nje, na joto lake hupita ndani kwa bomba la bati, chini ya majani yaliyoning'inizwa. Bomba likipata moto kupita kiasi na jani kavu likadondoka juu yake, bani lote huwaka. Msimu uliopita liliwaka moja, na mchochea moto aliyekimbilia kuokoa tumbaku hakutoka. Ndipo kamati ikaamua kununua kifaa cha kupimia joto kutoka mbali.

Bwana Ugavi wa chama cha ushirika alituletea aina mbili tuchague. Ukikielekeza kifaa kwenye kitu, kinapokea miali ya joto ambayo jicho haliioni, wenyewe wanaiita infraredi, kisha sindano inaonyesha joto lilivyo. Kimoja ni kidogo kama kurunzi, na bei yake nafuu. Cha pili ni ghali, kina kitufe cha kuzungusha kulingana na kitu unachokipima.

"Vile vidogo tutapata viwili kwa bei ya hicho kimoja," alisema Mwenyekiti. "Kuna la kujadili hapo?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaambiwa nivijaribu tu, kwa kuwa naweza kusoma kitabu chake cha Kiingereza, hadi Bwana Ugavi atakaporudi kuchukua jibu.

Kwenye mabani ya zamani vyote viwili vilisema sawa. Lakini bani jipya lina bomba linalong'aa, ambalo kila mgeni hupelekwa kuliona. Hapo kile kidogo kiliniambia bomba lina uvuguvugu wa maji ya kuoga. Wakati huohuo jani likadondoka juu yake, nikaliona kwa macho yangu likikunjamana na kutoa moshi. Nilipiga kelele hadi mchochea moto akavuta kuni nje.

"Vipi karani, umeona nyoka?" akanicheka.

Nikasema ndiyo.

Kitabu kinaeleza kwamba bati linalong'aa huficha joto lake, na kwamba likipakwa cheusi kifaa husema kweli. Mabomba ya zamani yana kutu na moshi, ndiyo maana hayakudanganya. Basi bani lilipozimwa na kupoa, nikakwangua masizi ya sufuria yangu, nikayachanganya na maji, nikapaka bomba kwa kiganja. Nilitaka kupima kwanza, niseme nikiwa na hakika. Sikuomba ruhusa, kwa sababu kuomba ni kusema mbele ya watu, nawe unanijua.

Asubuhi wanawake walioingia kupanga majani walitoka mbio. Kwenye bati kulikuwa na alama nyeusi za viganja, na vidole vyote vitano.

"Mkono mdogo huu," alisema Mzee Shabani, balozi wetu wa nyumba kumi. "Si wa mwanamume."

"Labda wa mtoto?" akauliza mwanamke mmoja.

"Mtoto gani aingie banini? Huo ni mkono uliosinyaa kwa uzee."

Wote wakageuka kutazama nyumba ya Bibi Nyamizi. Ni mjane, anaishi peke yake nyuma ya bani, na moshi wa jikoni umemfanya awe na macho mekundu. Ndiye aliyenipa mtungi nilipofika hapa, na kila asubuhi hunisalimu "Mwangaluka" kisha anacheka ninavyoitikia. Dada, unajua macho mekundu yanavyowaponza vikongwe. Tangu jana hakuna anayemwuzia chumvi. Leo mchana paa lake limepigwa mawe. Nilimkuta akiyaokota.

"Watoto wanacheza," akaniambia. Lakini nyuma ya mlango alikuwa ameshasogeza kinu cha kuuzuilia usiku.

Nilikwenda kwa balozi ili niseme. Mkewe akafungua. "Haya karani, una neno gani?" Nikaomba kiberiti. Akanipa, nikarudi nacho nyumbani nikalia.

Kesho Mwenyekiti na Bwana Ugavi wanarudi kutoka Tabora, na mkutano utakuwa mmoja kwa mambo yote mawili, kifaa na masizi. Nimeamua kusimama. Nitapaka kiganja changu masizi na kukibandika kwenye bati mbele yao wote, kando ya alama zilizopo. Kisha nitasema wanunue vile vidogo viwili kama wanavyotaka, lakini kila bomba jipya lipakwe masizi kwanza, la sivyo kifaa kitamwambia mchochea moto alale huku bani linawaka. Maneno haya nimejisemesha tena na tena, na kila mara sauti inaishia njiani. Naogopa watasema karani ndiye mchawi mwenyewe. Ninachoogopa zaidi ni kwamba kesho ni mbali. Vijana wamekaa kando ya bani tangu saa kumi wananoa mapanga, na huu si wakati wa kufyeka.

Nisalimie baba, shangazi anayenisukia nywele, shemeji wa stesheni, na wanao wote. Barua nampa dereva wa lori la tumbaku, ameshawasha gari. Mkeka wangu nimeukunja, naenda kulala kwa Bibi Nyamizi. Wakija, watanikuta mimi mlangoni.

Mama atataka umsomee. Msomee salamu, msomee na habari za tumbaku. Akiuliza nalala wapi, dada yangu, mwambie sikuandika.

Mdogo wako,
Tatu