Namba Tatu Kifuani Mwako

Ansab, Maskati
9 Februari 2004

Mpendwa mwanangu Loay,

Assalaamu alaykum. Hujambo, mwanangu? Na lile goti ulilolitegua mwaka juzi, bado linakusumbua kwenye baridi ya huko ughaibuni? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, lakini nikikwambia hatujambo ntakuwa nakudanganya.

Idi imepita bila ya sauti yako. Nimekupigia simu mara nne, inalia mpaka inakatika. Babako ndiye aliyenambia kuwa umehama kwake, umejifungia kwenye chumba ulichopanga, na kwamba timu imekutoa. Ndiyo nikaamua kuandika.

Kosa ni langu. Ile siku ya Disemba tulikaa wote mbele ya tivii, ukatokea juu ya ule mnara wa theluji, ule mnaouteremka na mbao miguuni mkaruka hewani, na namba tatu kifuani. Sisi barafu tunaiona ndani ya friji tu. Nani angenambia kuwa namba ndogo huvaa wale wa chini, wanaoruka mwanzo? Nikajua wewe ni wa tatu. Nikapika biriani, mjomba wako Muhanna akaja kutoka Mabela na sinia la halua, mtaa mzima ukapata habari. Ulipopiga simu nikampokonya bibi yako Kheiria, nikakupigia makelele, "Hongera, wa tatu wa dunia!" Ukaaga taratibu, na mpaka leo hujapiga tena.

Wiki iliyopita mwanangu Kawthar alinichapishia matokeo yako yote kwenye kompyuta ya kazini kwao. Miaka mitano, karatasi moja. Wa arubaini na nne. Wa thalathini na tisa. Hakufuzu. Hakufuzu. Mara moja tu wa ishirini na nane, pointi tatu, na hizo ndizo zote ulizopata maishani. Siku ya biriani ulikuwa wa arubaini na tisa. Nililia mpaka Kawthar akaninyang'anya karatasi. Si kwa aibu ya majirani, wallahi. Miaka yote hiyo ulikuwa unayabeba hayo peke yako, na sisi huku tunapiga vigelegele.

Sasa nikwambie lililonitia kalamu mkononi. Unaijua nadhiri ya bibi yako. Tangu alipofariki marehemu mamako Hasina, siku ya mashindano hatii kitu mdomoni mpaka umpigie umwambie, "Bibi, nimetua." Na wewe ulikuwa huchelewi. Msimu huu mashindano yapo karibu kila Jumamosi na Jumapili, na tivii inayaonesha. Nimemwambia timu imekutoa, hataki kusikia. Anasema ingekuwa kweli ungemwambia mwenyewe. Basi kila wiki siku mbili nzima hali kitu, na sukari anayo, na daktari kamkataza kukaa na njaa.

Mume wangu Hamdan alijaribu kumpigia kutoka gereji yake ya Ghala, akaigiza sauti yako. Masikini bibi, alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Huyu hajaruka popote," akasema. Chakula hakukigusa.

Juzi Jumamosi alianguka chooni. Sasa yuko kitandani, maneno yake machache, na kila nikimletea uji ananiuliza kama umepiga. Msimu unakwisha mwezi wa tatu. Sidhani kama atafika, Loay. Nimekata tamaa, nakwambia kweli. Nadhiri yake siwezi kumfungulia mimi, na maneno niliyokwambia siku ile siwezi kuyarudisha.

Kawthar anakusalimu sana, na mjomba wako Muhanna. Hamdan pia, na bado anaona haya. Babako mpe salamu zetu. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akuondolee huo uzito kifuani.

Hatutakuuliza umekuwa wa ngapi. Hatutakuuliza hata kama uliruka. Simu iko juu ya mto wake, upande wa sikio linalosikia, na hataki tuiondoe hata tukibadilisha shuka. Anasema bado uko hewani.

Mamako mkubwa, mwenye kosa na mwenye kukupenda,
Mahfudha