Zamu ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kompyuta za mradi zimefika. Zimetumika, moja haina herufi M, lakini zinawaka. Mwalimu mkuu Nassoro anatembea nazo kama bwana harusi. Akaniambia darasa la sita watajifunza jiografia kwa gemu ile tuliyoonyeshwa kwenye semina Same. Minecraft. Dunia ya matofali ya mraba, unavunja, unajenga. Watoto watajenga milima yao wenyewe, waone maji yanavyoshuka. Na watafanya kazi kwa ushirikiano, akasema.

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu. Angeniambia nifundishe kuogelea ningesema sawa.

Jioni makande. Sijui yalikuwa na chumvi au hayakuwa nayo.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kipindi cha kwanza. Kelele! Nusu saa nzima walikuwa wanapigana mapanga tu humo ndani ya gemu. Kisha nikauliza tujenge nini. Wilson, yule mwenye mdomo, akasema ndiva. Darasa zima likanitazama.

Nassoro alikuwa mlangoni. Yeye mtu wa Same mjini, maji kwake ni bomba. Akauliza ndiva ndiyo nini hasa. Wilson akamweleza: ni bwawa la udongo, Mwalimu, maji ya mfereji yanalala humo usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua yanashuka mashambani. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba yetu ilibomoka.

Mume wangu alifia pale. Hilo hakulisema. Nassoro akajifanya anakohoa.

Nikasema sawa, jengeni ndiva.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Baada ya ibada Mzee Eliakunda wa kamati ya maji akanifuata mpaka nyumbani. Shikamoo, marahaba, mwanangu unaendeleaje. Chai akakataa. Nikajua ni lile lile.

Ni lile lile. Wazee hawataitisha watu wote kwenye msaragambo wa kujenga ndiva upya mpaka nyumba yangu na nyumba ya Kaanaeli zikae pamoja zizungumze. Udongo hauwezi kushika penye kinyongo, anasema. Tangawizi ya watu inanyauka. Kaanaeli yuko tayari kuja, anangoja neno langu tu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu.

Jamani! Methali zote zilizopo duniani, achague ya maji.

Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Si kwamba namchukia Kaanaeli. Nikitafuta hiyo chuki ndani siioni, nikitafuta huzuni siioni. Mimi ni nyumba iliyohamwa. Wanawake wanasema Mwalimu Aneth kakauka, hata kwenye mazishi hakulia. Wanasema kweli.

Niandike mara moja niachane nayo. Kaanaeli ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Sisi ni Walutheri. Miaka yote walibadilishana: zamu ya Kaanaeli ya Jumamosi alizibua Loth, mume wangu, zamu ya Loth ya Jumapili alizibua Kaanaeli. Hawakuandikiana wala kukumbushana. Walicheka tu kwamba Mungu amewapangia ratiba. Ile Ijumaa ya Aprili Loth alishuka Same kununua mbegu, barabara ikafungwa na matope, akalala huko. Mvua ikapiga usiku kucha. Ndiva ikajaa. Kutoka mlangoni kwa Kaanaeli ndiva unaiona yote. Jumamosi asubuhi aliiona. Akasema moyoni leo ni ya Loth, Loth atakuja, akavaa koti akaenda kanisani na familia yake.

Loth alifika saa sita mchana. Hata hakuingia ndani. Akapanda mbio kwenda kuzibua na ukingo ukaenda naye.

Basi.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Leo karibu nicheke. Karibu.

Kwenye gemu jua linachomoza na kuzama haraka haraka. Watoto wamepanga zamu za kuzibua, kila jua moja na mwenyewe. Wameweka kibao kando ya ndiva chenye siku na majina. Ukifika kwenye ukingo unabonyeza kitufe, mlango wa chuma unafunguka, maji yanashuka. Vizuri kabisa. Sasa likachomoza jua la saba — watoto wote wa Kisabato wakatoa mikono kwenye kibodi, wakaikunja kifuani! Sabato ya gemu! Wilson akaruka. Mwalimu, hawa wavivu, leo Jumatano! Anaeli akamjibu kwa utulivu kwamba huku ni Jumatano, kule ndani ni Jumamosi. Wakagombana mpaka jua la gemu likazama.

Anaeli ni mjukuu wa Kaanaeli. Anakaa dawati la mbele, hanitazami machoni tangu Aprili.

Nassoro kasikia, kacheka mpaka machozi. Anasema hilo hata waliotengeneza gemu hawakuliota. Ameamua tuite wazazi waje waone.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Nimekisoma kile kibao cha zamu vizuri leo. Siku zote zina majina. Jumamosi pako wazi.

Nikauliza kwa nini. Wakainamia kibodi zao. Hata Wilson! Baadaye Anaeli akabaki kufuta ubao usio na kitu. Akaniambia, mgongo umenigeukia, kwamba walitaka kuandika Loth, yeye akakataa. Nikauliza kwa nini umekataa. Akasema babu nyumbani haongei. Jumamosi akitoka kanisani anakwenda kukaa pale ndiva ilipokuwa, mpaka giza.

Nikamwambia haya, nenda nyumbani. Ndilo nililoweza kusema.

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Tangawizi yangu imekauka yote. Nimekwenda nikaitazama. Nikarudi.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Naandika hapa hapa darasani, kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Wazazi walijaa mchana, wengine wamesimama madirishani. Watoto walionyesha mfereji, ndiva, migomba ya mraba, hata jogoo. Makofi. Mzee Kaanaeli alikuja na fimbo yake akakaa nyuma kabisa. Nilipita mbele yake bila kumwamkia. Mzee wa rika la baba yangu! Sikuona aibu. Sikuona chochote.

Halafu kwenye gemu ikaanza kunyesha. Hakuna aliyepanga, hujinyeshea yenyewe. Na jua lilikuwa la saba. Watoto wa Kisabato wakakunja mikono kama walivyozoea. Wengine wakatazama kibao, pako wazi, wakanitazama mimi. Mvua inapiga ndiva, mlango umefungwa, hakuna anayekwenda. Wazazi wakaelewa. Nasikia mashine zinavyovuma. Nilitaka kuwaambia maji ya gemu hayajai wala hayavunji kingo, ni matofali tu, jamani. Anaeli akaanza kulia. Nassoro akasema chai iko tayari nje, chai, chai, karibuni chai!

Wakatoka. Wasabato hawakungoja hata chai, jua linashuka na Sabato inaingia, wakashika njia za kwao. Anaeli akamvuta babu yake mkono. Mzee akamwambia tangulia.

Akaja polepole mpaka kwenye meza yangu. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakapanda karibu na kidevu. Nilifikiri atasema samahani. Nilijiandaa kusema sawa. Hakusema. Alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu, mvua ikinyesha humo, akaniuliza:

"Mwalimu, hapa mtu anazibua kwa kitufe kipi?"

Nikamwambia jua linazama, Mzee. Nikamwonyesha dirisha.

"Naliona," akasema. "Nionyeshe kitufe."

Nikamwonyesha. Nikamwambia lazima utumie mausi, hiki kidude hapa, unakisukuma mpaka kwenye kitufe, halafu unabonyeza. Akaitikia. Akaweka mkono wake mezani, kiganja juu, nimpe.

Ndipo tulipo sasa hivi. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko juu ya mausi na hautoki. Sikatai! Nauambia toka, hautoki. Kiganja chake kina udongo kwenye mistari, ni mzee sana huyu mtu, na alikuwa anaiona ndiva kutoka mlangoni kwake — alikuwa anaiona! Nina hasira. Mungu wangu, nina hasira mpaka meno yanauma, mwandiko wenyewe umeharibika, na machozi haya yanalowesha karatasi.

Nje mlima umeshameza jua. Anaeli anaita babu, babu. Haitiki. Hajaondoa mkono.