Namba za Adhuhuri

Hujariya, 4 Novemba

Kaka yangu mpenzi Radwan,

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima huko Jeddah na kazi ya duka haikuchoshi sana. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema unakula mikate ya dukani, ndiyo maana hata sauti yako kwenye simu imekonda. Usimjibu hilo, ataendelea.

Mzigo ulifika salama: paneli nne, betri na kile kisanduku cha kuchajia. Nashwan wa Bi Hamuda, fundi umeme wa hapa kijijini, aliupokea stendi, akaja na kamba, akazipandisha paneli paani peke yake na kuzielekeza kusini. Alishuka ana vumbi mpaka kwenye kope. Insulini ya Mama sasa iko ndani ya friji. Ule mtungi wa udongo tuliokuwa tukiulowesha maji kila siku ili dawa isiharibike nimeupandia mrehani.

Ami Sayf atakuandikia kuhusu jambo la pili. Tangu Baba afariki wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha, kwa hiyo lazima likufikie. Ni la Nashwan. Najua alilokuja kuomba, na sikulikataa.

Dada yako,
Taqiya

Jeddah, 19 Novemba

Dada yangu Taqiya,

Wa aleikum salaam. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwambie Mama mikate ya dukani nimeiacha.

Barua ya Ami Sayf nimeipata. Kabla ya posa kuna jambo. Kile kisanduku kila kikipata mtandao hunitumia namba kwenye simu, naona paneli zinatoa umeme kiasi gani. Asubuhi namba inapanda vizuri, inakaribia wati elfu moja. Saa nne na nusu inaanguka. Saa sita, jua liko utosini na wingu hamna, wati sitini. Kila siku ni hivyo. Nimemwonyesha Naveed, Mpakistani ninayelala naye chumba kimoja, akasema hizo ni paneli kuukuu, zikipata joto zinakufa.

Mimi nilinunua mpya. Tangu zishuke kwenye gari mpaka zifike paani, aliyezishika ni mtu mmoja. Kazibadilisha, mpya kauza. Mwizi hawezi kuwa shemeji yangu. Nimemwandikia Ami Sayf hivyohivyo.

Usikasirike. Nakutakia mema.

Ndugu yako,
Radwan

Hujariya, 27 Novemba

Kaka Radwan,

Salaam. Mama hajambo.

Ami Sayf aliisoma barua yako kwenye kikao cha mirungi, kwa sauti, wanaume wa kijiji wamejaa. Mimi nilikuwa chumba cha pili namimina kahawa ya maganda. Alipofika kwenye neno "mwizi" alisita, kisha akalisoma. Nashwan alikuwamo. Mzee mmoja akamwambia, "Sema kitu, mwanangu." Akasema, "Radwan hayupo hapa. Nimjibu nani?" Akavaa viatu akaondoka. Mirungi aliyoiacha wakagawana.

Mimi hukuniuliza. Ninaishi chini ya paa hilohilo.

Taqiya

Jeddah, 2 Januari

Dada yangu,

Salaam aleikum. Hujambo? Mama je, sukari yake ikoje? Nimepiga simu mara nyingi, ama haipatikani ama anapokea Mama na kusema umelala, hata mchana.

Sikusema ili kukuumiza. Mtu akiwa mbali hulinda kwa kile anachokiona, na mimi ninachokiona ni namba. Bado ni zilezile. Asubuhi nazitazama kabla ya kunawa uso, najua angalau nyumba ipo.

Niandikie hata mstari mmoja.

Ndugu yako,
Radwan

Hujariya, 11 Januari

Kaka Radwan,

Wa aleikum salaam. Mama mzima, sukari imetulia. Baridi ni kali, asubuhi hatutoki mpaka jua lifike uani. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haiandikiki vizuri. Leo nina la kukwambia.

Injini ya dizeli ya kijiji imekufa, hakuna pa kusagia. Halati Sabah, unamjua dada yake Mama, hawezi kungoja, akaja hapa adhuhuri na mashine yake ndogo ya umeme na debe la mtama. Nilikuwa nimesimama mbele ya kisanduku. Wati sitini, kama unavyosema. Akawasha. Namba ikaruka mpaka mia tisa, ikakaa hapohapo muda wote anaosaga. Akazima, ikarudi sitini. Nikamwambia, "Halati, saga tena."

"We mtoto una wazimu? Mtama umekwisha."

"Nitakupa wetu. Saga."

Akasaga huku ananisonya, namba ikapanda tena.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nafikiria birika la mvua alilolijenga Baba. Likijaa tulikuwa tunaziba mfereji, maji yanapita zake shambani. Mgeni akiuona ule mfereji mkavu angesema mwaka huu mvua haikunyesha. Betri yetu ndivyo ilivyo. Usiku tunatumia taa mbili na friji, jua likitoka kidogo tu imeshajaa. Ikijaa, kisanduku kinaziba mfereji, kinaacha tone la kutosha friji. Basi namba ile haisemi paneli zinaweza kutoa nini. Inasema sisi tumeomba nini. Na sisi hatuombi kitu, kaka. Wanawake wawili na friji.

Paneli zinazokufa kwa joto haziwezi kutoa mia tisa saa sita mchana. Barua hii naipiga picha nakutumia kwa simu leo, maana kesho saa hiyo Halati atasaga tena. Tazama simu yako.

Dada yako,
Taqiya

Jeddah, 12 Januari

Dada yangu Taqiya,

Salaam aleikum. Nimeona. Nilikuwa kaunta na mteja mbele yangu. Mia tisa na kumi. Mteja akauliza kama nimepata msiba.

Naveed nilipomwonyesha alisema, "Kumbe nilikosea," akaendelea kukoroga dengu zake. Kwake limeishia hapo.

Nimemwandikia Nashwan kumwomba radhi, barua iko pamoja na hii. Mpe mkononi. Na mwambie Ami Sayf nimeridhia posa.

Ndugu yako,
Radwan

Hujariya, 3 Februari

Kaka yangu Radwan,

Wa aleikum salaam. Mama hajambo, mimi pia.

Nashwan nilimpata kwa mama yake. Aliisoma barua yako akiwa amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Mwambie kaka yako nimemsamehe, sina kinyongo. Lakini neno lilitoka barazani, mbele ya watu. Tangu siku ile hakuna aliyeniita kumfungia hata taa. Barua hii nikiwaonyesha watu watasema umemlilia kaka yako mpaka akaandika."

Nikamwuliza, "Na mimi?"

Akasema, "Siwezi kukuoa nikiwa mwizi, Taqiya. Watoto watachekwa kisimani."

Amepata kazi ya pampu za visima huko Marib, ataondoka mwisho wa mwezi. Mama yake alikuwa anamfulia nguo za safari, hakuniangalia.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Dada yako,
Taqiya

Al-Wadia, mpakani, 22 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumaini mnaendelea vizuri. Ujumbe huu nautuma kwa laini ya dereva, kwa hiyo usiujibu.

Nilimwomba tajiri wangu likizo, akakataa. Akasema, "Ukienda, usirudi." Wamenigongea muhuri wa kutoka kabisa. Naveed amenifunganishia nguo, amenipa na kilemba chake kwa ajili ya baridi. Tutakula nini baadaye tutashauriana nikifika. Insulini ya kutosha ninayo, iko kwenye chupa ya barafu katikati ya miguu yangu.

Barabara ikiruhusu, Ijumaa nitakuwa nyumbani. Mwende kwa Nashwan, wewe na Mama, mumwombe asiondoke kabla ya hapo. Mwambie Ami Sayf awaite watu walewale, asimwache hata mmoja, hata wale wanaopenda kucheka. Nitasimama niseme neno nililolisema ni lipi, na kwamba nililisema bila kujua. Akitaka kunijibu anijibu, safari hii nitakuwepo.

Yatakayofuata ni ya kwenu wawili. Mimi ridhaa yangu nimeshaitoa, siirudishi.

Dereva ananiita.

Ndugu yako,
Radwan