Nafasi Hazijajaa Kule Kilimani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo umepungua kuuma? Nakujua, utasema umepona huku umesimama tangu asubuhi unasuka kichwa cha mtu. Shemeji hajambo? Na wanangu, yule mkubwa ameacha kujifanya daktari wa paka wa jirani? Wabusu wote, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Kichwa ndicho kimekuwa kama stendi ya mabasi: kila mtu ananadi safari yake, nami nimesimama katikati na begi langu, sijui nipande lipi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu unaniwahi, dada. Kabla sijafika katikati ya jambo umeshaniamulia, nami najibu "sawa dada", yanaishia hapo. Karatasi hainikatizi. Basi kaa chini, na mteja akikuita mwambie avute subira.

Mkuu wetu wa kituo hapa hifadhini aliponiita na kusema ninaruhusiwa kwenda kusoma masta ya maliasili na uhifadhi, ila ada nijitegemee, ulipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nami nilifurahi. Nilidhani kutafuta chuo ni kama kutafuta viatu: unauliza bei, unajaribu, unaondoka navyo. Kumbe!

Nilianza kwa mhasibu wetu, ambaye masta yake aliimaliza zamani. Akanionya nisiamini ada iliyoandikwa kwenye tangazo. Niulize ada ya maabara, ya hosteli, ya kusimamiwa utafiti, maana huko ndiko watu wanakonyolewa bila maji. Daktari wa wanyama akasema ada si hoja, nimwangalie atakayenisimamia, kwa sababu msimamizi asiyepokea simu anaweza kukuzeesha chuoni. Shemeji naye akaniletea ule ujumbe wake mrefu kuhusu ithibati, kwamba nihakikishe chuo kinatambuliwa nisije nikabaki na cheti cha kufungia maandazi. Mkuu wa kituo alishikilia kwamba masta ni ya ng'ambo, nyingine zote ni kupoteza muda. Nilipomwonyesha gharama za ng'ambo alikohoa, akaagiza chai, na hatukulizungumza tena. Ya mtandaoni niliijaribu mwenyewe. Mwalimu alikwama kwenye kioo mdomo wazi, akabaki hivyo hadi nikazima kompyuta.

Vikabaki viwili, cha mjini na cha kilimani. Nikaomba ruhusa nikavione kwa macho.

Cha mjini ni jengo la vioo lenye lifti inayotoa sauti nyororo ya kukukaribisha. Mapokezi kuna sofa ambazo ukikaa hutamani kuinuka. Ada ni kubwa, lakini wanakubali ulipe kwa awamu. Niliruhusiwa kuketi katika kipindi cha uhifadhi. Chumba kilijaa, na mhadhiri alisoma maneno yaliyomulikwa ukutani jinsi yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kijana aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza kwamba muhula mzima msitu wameuona kwenye projekta tu, kwa kuwa ziara yao ilifutwa basi lilipokosekana. Alisema kwa uchungu. Mimi moyo wangu ulitulia, dada, ukatulia tuli, na nilijishangaa.

Cha kilimani majengo yake ni ya zamani, mabati yameota kutu, na mapokezi ni benchi. Lakini ada yake naimudu kwa mshahara wangu bila kumgusa mtu. Wanafunzi ni wachache, milango ya wahadhiri iko wazi, cheti cha ithibati kimetundikwa ukutani kila mtu akione. Niliwatafuta waliomaliza hapo, nikawakuta makazini, tena kazi zenyewe za kueleweka. Anayeongoza kozi ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Wanafunzi wanamwita Mama Mizizi, kwa sababu ukimpelekea shida yoyote lazima akuulize mzizi wake nini. Nilimuuliza mbona ada ni ndogo hivyo, kuna nini? Akacheka. Akasema msitu ni wa chuo, uko nyuma ya madarasa, kwa hiyo hawakodi basi wala hawapangi maabara ya mtu. Nusu ya kozi inasomwa humo humo, wanafunzi wanalala kwenye mahema.

Mwenye akili timamu angeamua hapo hapo. Mimi nilirudi kazini nikaanza kukisifia chuo cha mjini. Nikasifia lifti. Nikasifia kwamba kiko karibu na benki, kana kwamba nina cha kupeleka benki. Mhasibu akaniuliza kama nina homa. Kila usiku ninaamua, asubuhi ninaamua upya, na sababu zangu mwenyewe sizielewi. Ndipo ulipopiga simu kuuliza, nami nikasikia mdomo wangu ukikwambia kwamba kilimani nafasi zimejaa. Ulisikitika, kisha ukasema basi iwe mjini, na ada itakayopungua utaitoa kwenye akiba yako ya kupanua saluni. Nilipokata simu nilikaa kitandani na viatu miguuni. Hapo ndipo nilipokubali kujiuliza ninakimbia nini.

Dada, nafasi hazijajaa. Walishanikubalia.

Na ile wiki niliyokwambia niko semina, sikuwa semina. Nilikuwa hospitali. Tulikuwa doria, mimi na mwenzangu tunayemwita Kamba kwa wembamba wake. Nyati alitoka kichakani bila kutikisa jani. Sikumwona, nilisikia pumzi tu. Alinigonga ubavuni nikaangukia korongoni, kisha akamgeukia Kamba. Nililala kule chini nikisikia mwenzangu anavyokanyagwa, nami siwezi hata kuinua mkono. Wenzetu walifika wakapiga risasi hewani, mnyama akaondoka. Kamba yuko hai, anatembea kwa mkongojo, na bado ana utani wake. Mbavu zangu zimeunga. Lakini tangu siku ile sijatia mguu msituni. Mkuu alinihamishia langoni, nakata tiketi za wageni. Nilikwambia nimepandishwa cheo. Sikupandishwa.

Sikukwambia kwa sababu nilijua ungefunga saluni ukaja kunichukua, nami ningekubali kuchukuliwa.

Hata siku ile ya kutembelea kilimani, Mama Mizizi alitaka kunionyesha vitalu vya miche. Njia inapita katikati ya miti. Miguu iligoma. Nilijifanya napokea simu, nikazungumza na simu iliyozimwa mpaka mwenyewe akachoka kunisubiri. Ndiyo maana nilikuwa nazunguka, dada. Nilikuwa natafuta masta ya msitu mahali pasipo na msitu, na wewe ungenilipia.

Basi wiki iliyopita nilirudi kwake nikamweleza yote. Akaniuliza, "Nyati?" Nikamjibu, "Nyati." Kwa mara ya kwanza hakuuliza mzizi. Nilitegemea atanisamehe ile sehemu ya mahemani. Akasema hapana. "Cheti changu kinasema mtu huyu anaujua msitu. Siwezi kukitia sahihi kama ni uongo." Lakini akasema muhula wa kwanza ni wa darasani, na asubuhi yeye hutembea, nikitaka tutembee wote, hadi pale nitakapotaka kuishia. Nikishindwa kabisa, hapo hapo chuoni kuna kozi ya sheria na sera za mazingira, naweza kuhamia, na hakuna atakayenicheka.

Tulijaribu siku ile ile. Nilimshika mkono wa gauni kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Tulipita miti ya mwanzo, nikaanza kusikia ndege, nikasema moyoni kumbe inawezekana. Halafu tawi likavunjika mahali fulani, nikatoka mbio, kiatu kimoja nikakiacha huko. Alinifuata nacho mkononi, amejitahidi asicheke. Akashindwa. Nami nikashindwa, tukacheka mpaka nikalia.

Nimejiandikisha kilimani. Usiniulize kama huo ni ujasiri au kichwa kigumu, sijui. Leo nina hakika, kesho nitaamka nikitamani lifti. Ninachokijua ni kwamba akiba yako ibaki kwako, uvunje ule ukuta, uweke viti unavyovitaka. Na unisamehe kwa uongo niliokulisha. Utanigombeza ukishapoa.

Msalimie sana shemeji, mwambie ithibati nimeiona kwa macho. Wanangu uwaeleze kwa lugha yao, ila nyati mwache kwanza.

Nina ombi moja. Masomo yakianza, uwe unanipigia asubuhi nikitoka matembezini. Siku nikikwambia nimeingia, furahi uwezavyo. Siku nikikwambia sikuweza, usinipe moyo wala usiniamulie. Usikate simu tu. Kaa hapo hapo tunyamaze wote wawili, mpaka mimi niseme haya, naenda darasani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Askari wa langoni