Viatu Vilivyokaa Bandani

Duluth, Minnesota
Jumapili, 3 Novemba 2019

Mpendwa dada Marlys,

Nimekukosea, na nianze na hilo kabla sijakusalimu. Vile viatu mlivyokusanya kanisani kwenu mwaka jana havijamfikia mtu yeyote. Vimo kwenye banda la gari langu, na maboksi yenu vilevile.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Na shemeji Vern, bado anabishana na daktari? Sisi wazima, theluji imeshatuanza.

Sasa nikueleze. Binti yetu Kirsten yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwaka jana kazini nikasikia kwamba siku hizi vyuo vinataka mtoto aliyeanzisha kitu. Basi nikamwanzishia mimi: chama cha kugawa viatu, yeye mwenyekiti. Na ule mchezo wake wa kusukuma mawe kwenye barafu na wazee kila Jumamosi nikamwachisha. Nikamwambia, "Hao wazee watakuingiza chuo gani?" Nilipokuandikia kwamba viatu ni wazo lake, nilikudanganya.

Picha tulipiga. Viatu hatukupeleka.

Maombi ya chuo yalitakiwa Ijumaa. Alhamisi tunakula, nikamuuliza ameandika nini kuhusu chama. Akaweka uma chini.

"Baba, chama gani? Wanachama ni mimi, wewe na mbwa. Na mbwa ndiye pekee aliyevigusa hivyo viatu."

Mke wangu Deb akacheka mpaka akainuka mezani. Kirsten akasema hataandika uongo hata akikosa chuo. Ameandika habari za wazee wake, anavyowafagilia barafu mbele ya jiwe ili liteleze mbali. Kumbe hakuwahi kuacha. Mama yake ndiye aliyekuwa anampeleka, mimi nikiambiwa wako sokoni.

Dada, nilidhani nitawaka. Badala yake nikajisikia kama mtu aliyetua gunia. Ametuma hivyohivyo. Wakimchukua, watakuwa wamemchukua yeye, si mimi. Majibu ni Desemba, na usingizi ninaupata.

Nisalimie Vern, na Carol na wanawe. Wenzako wa kanisani waambie ukweli, usinisitiri. Mungu awape afya huko kwenye jua lenu.

Nimeshaongea na nyumba ya wasio na makazi hapa mjini. Jumamosi hii, tarehe 9, kabla ya saa sita mchana, nitawapelekea viatu vyote na kuvipanga jozi kwa jozi kwa mikono yangu. Nitakuwa peke yangu. Kirsten atakuwa kwenye barafu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Duane