Baba Anataka Kuacha Dawa Awe Kama Yule wa Kwenye Runinga

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi tusalimiane tu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto, na tangu mama afariki baba anaishi kwangu, kwenye chumba cha uani. Alikuwa fundi rangi, na kwa miaka mingi ana ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kama tiara halafu unamwangusha chini puu. Tulipokuwa wadogo hatukujua kama ni ugonjwa, tulijua tu kwamba kuna baba wa juu na baba wa chini, na huyo wa juu, mshauri, hata wewe ungempenda, mimi aliniita Brashi na mdogo wangu akamwita Kopo, na siku ikimjia anang'oa milango yote ya nyumba, anaipanga uani anaipaka rangi, huu kijani, ule njano kama kiini cha yai, na sisi ndio majaji. Mama anatoka jikoni, mkono kiunoni, "Baba Brashi, na choo nacho? Watu wajisitiri vipi bila mlango?" Baba anajibu bila hata kugeuka, "Anayeingia aimbe!" Basi ikawa kila anayekwenda chooni anaimba kwa sauti, hadi wageni, na mama aliyeanza kwa kufoka ndiye aliyekuwa na nyimbo ndefu kuliko sisi sote.

Baba wa chini alilala akiuelekea ukuta, mama akawaambia wateja kwamba fundi amesafiri, nasi tukawa tunatembea kwa vidole. Na ipo siku ya ngazi, ambayo sipendi kuieleza, itoshe kusema alikuwa juu ya paa la ghorofa na mama alipanda kumfuata akiwa na sare yake ya kazini. Baada ya siku hiyo ndipo akapelekwa hospitali, dawa zikapatikana, akatulia, na mpaka leo ni mzee wa kukunja nguo zake, kunywa chai na kusema asante, basi.

Sasa Kopo siku hizi anaandika vipindi vya runinga, ametunga tamthilia ya kuchekesha na kuliza kuhusu familia yenye baba kama wetu. Ruhusa aliomba, na baba akamjibu, "Andika, mwanangu, ilimradi nisiwe mfupi." Inaonyeshwa Jumapili alasiri na mtaa mzima unaipenda, wateja wangu wakija kupima nguo hadithi ni hiyo hiyo. Ilipofika ile ya milango nilicheka huku nalia, maana mwigizaji wa mama aliweka mkono kiunoni vile vile na mimi nikasikia sauti ya mama yangu sebuleni kwangu.

Baba hakucheka. Alijisogeza mbele kama anataka kuingia mle ndani.

"Yule ni mimi?" akaniuliza.

"Ni wewe, baba."

"Nilikuwa hivyo?"

"Ulikuwa hivyo."

Akaniuliza tena, "Amekwenda wapi?"

Asubuhi yake nilipompelekea dawa alinishika mkono akasema, "Brashi, hizi tuziache kidogo. Nataka nimsalimie tu yule bwana." Mshauri, hajaniita Brashi tangu nilipoolewa. Nilikitia kidonge mfukoni. Kesho yake nikafanya hivyo tena, na kesho yake tena, mume wangu hajui, na baba akaanza kuchangamka, anaamka kabla yetu, anafagia uwanja, anawafundisha watoto wangu kupiga mluzi, nao wananiambia, "Mama, babu amekuwa mzuri!" Nilimpigia Kopo nikamdokeza, akaniambia, "Dada, dawa za baba usiziguse," kisha akasema, "Lakini hata mimi nimemkumbuka."

Jana baba aliniomba ngazi. Nikamwambia hatuna. Leo nimesikia amekwenda kuiomba kwa jirani. Naogopa, lakini pia nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu utotoni, na sijui niifanye nini. Je, ni kosa kubwa hivyo kumrudisha baba yangu, japo kwa muda?

Ni mimi, Brashi

*

Brashi,

Namba uliyoiacha chini ya barua niliipiga kabla sijaimaliza kuisoma, na nashukuru uliniitikia. Ngazi imerudi kwa jirani, umemweleza mumeo, babako amefika hospitali akiwa kati yako na Kopo, wakamlaza kidogo, na sasa yuko nyumbani na dawa zake. Kwa hiyo nakujibu hapa nikiwa nimepoa. Kidogo.

Umefanya kosa, mama. Dawa ya namna hiyo haisimamishwi na mtoto wa mgonjwa kwa sababu ya kipindi cha runinga. Baba wa juu hajawahi kukutembelea peke yake, kila mara alikuja na mwenzake nyuma. Mdogo wako ameonyesha milango, hajaonyesha ile ngazi. Ulipotazama ukaona sherehe tupu, ukasahau aliyekuwa akiilipia. Na aliyempandia kule juu hayupo tena. Ungepanda wewe? Au wangepanda hao wapiga mluzi wako?

Lakini pole. Unamkumbuka mama yako jikoni, na unajikumbuka wewe ukiwa jaji wa rangi. Hao hawamo ndani ya kidonge, Brashi. Ungeitupa chupa nzima, wasingerudi.

Tena mzee ameuliza swali la maana na nyote mmelijibu vibaya. "Amekwenda wapi?" ni swali la kumpelekea daktari. Inawezekana dozi ni ile ile ya zamani na inamlemea. Daktari anaweza kuipima upya, taratibu, macho yake yakiwa juu ya mzee. Mpeleke kliniki tarehe yake ikifika, na mle ndani mwache aseme mwenyewe. Wewe ufunge mdomo. Kopo naye mwambie akae na baba yake aombe ruhusa ya pili, aandike na siku zile za ukutani, babako akikubali. Akikataa, yaishe. Na mzee apewe kazi ya mikono, ya chini pasipo ngazi, ya mchana, mtu mzima akiwa karibu. Sijasikia daktari aliyemkataza fundi kazi yake.

La mwisho ulishike sana. Yule mliyekuwa mnamcheka Jumapili hakuchagua kuwa vile. Huyu wa chai na asante amechagua. Kila asubuhi, miaka yote hiyo, alimeza kitu kilichomnyang'anya nyimbo zake ili ninyi mlale bila hofu, na sidhani kama kuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kumshukuru. Kesho ukimpelekea maji na kidonge, keti kitandani kwake umwambie, "Baba, asante." Kisha usiondoke mpaka amemeza.