Panya wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikiamini mko wazima na kifua cha wifi kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Ni baridi tu, na ukimya wa maabara hii ninamoshinda peke yangu na panya.

Unajua Baba anavyowaita panya wangu wajukuu zake. Tangu mikono ianze kumtetemeka akaacha cherehani, kila nikipiga simu huuliza wajukuu wanaendeleaje. Ile dawa niliyowaeleza, watafiti fulani waliandika kwamba iliwasaidia panya wenye ugonjwa kama wake. Kazi yangu ilikuwa kurudia jaribio lao kabla watu hawajafikiriwa kupewa.

Nikarudia. Waliopewa dawa na waliopewa maji matupu walianguka sawasawa kwenye kijiti kinachozunguka, tunachowapandisha kupima nguvu za miguu yao. Mkuu wangu akasema huenda mimi ndiye sina mkono mzuri, au panya walikuwa wachache mno kuonyesha tofauti ndogo. Hapo alisema kweli. Kutokiona kitu si sawa na kusema hakipo. Basi nikaongeza panya, na mwenzangu niliyekuwa naye hapa wakati huo akaficha alama za chupa ili nisijue nani kapewa nini. Alipozifunua, mambo yalikuwa yale yale. Yeye akahamishiwa kazi nyingine, kwa kuwa hapa, walisema, hapakupatikana kitu.

Nikamwandikia mtafiti mmoja wa mbali aliyewahi kuijaribu dawa hiyo. Akajibu kwamba naye hakuona lolote, akadhani kosa ni lake, akanyamaza miaka yote hiyo. Nililia, Kaka, kwa kupata mwenzangu. Mkuu angependa tuachane nayo, lakini mimi na huyo mtafiti tunaandika ripoti, ili wa tatu asije akajilaumu bure.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningeshindwa. Jana nilimwambia Baba. Nilitaka kukuachia wewe mzigo huo, nikaona si haki. Nilimweleza polepole kwamba dawa nyingine bado zinatafutwa, ila hii asiisubiri tena. Yeye akaniuliza, "Na wewe huko, mwanangu, jioni unakula na nani?"

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Pita ukakae naye Jumapili, tafadhali. Akikuuliza habari zangu, mwambie nimeomba likizo, nakuja.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba